Kabati la Bibi

Likizo iliyopita nilikuwa na kazi mbili. Asubuhi nilikaa nyuma ya nyumba na msasa mkononi, nikiondoa rangi kwenye kabati la marehemu bibi. Usiku, baada ya Isha, nilisoma The Hunger Games ya Suzanne Collins, nakala iliyochakaa niliyoazima hosteli. Ndugu mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza kwa nini Mwislamu mtu mzima apoteze usiku wake kwa hadithi za vijana kuhusu nchi zisizokuwepo, zenye watawala wakatili na watu waliosahaulishwa historia yao. Nikamjibu kwamba hadithi hizo hutufundisha kuchukia dhuluma. Niliridhika sana na jibu langu, hadi nilipofika kwenye droo ya chini.

Kabati lenyewe ni la mvule. Juu lilikuwa na rangi ya bluu, chini ya bluu kijani, chini ya kijani vanishi nyeusi iliyokauka kama lami. (Mwenye kutaka kufanya kazi hii ajue kwamba rangi za zamani mara nyingi zina risasi. Lowesha msasa kwa maji, funika pua na mdomo, na watoto wasicheze karibu na vumbi lile.) Mvule ukishafika kwenye mbao yenyewe hukulipa jasho lako: hutoka rangi ya asali, na ukiupaka mafuta huwa mweusi kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita. Siku ya tatu nilichomoa droo ya chini na kuipindua. Kwenye ubao wa chini, ambao hakuna aliyewahi kuupaka rangi, palikuwa na maandishi ya penseli. Hayakuwa ya Kiarabu wala ya Kilatini.

Nilipiga picha nikampelekea mzee mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, Mhindi aliyezaliwa hapa. Akasoma bila shida. Ni Kigujarati, akasema, hesabu za nyumbani: sukari, samli, fundi, karo ya shule. Karibu na karo pameandikwa jina la msichana. Ni jina la Kiislamu, na mdogo wangu wa kike analo hilo hilo.

Jioni nilimwendea shangazi. "Shangazi, shikamoo. Kabati hili babu alilipata wapi?"

"Marahaba. Alilinunua."

"Kwa nani?"

Alikaa kimya kidogo. "Wakati ule Wahindi wanaondoka. Wewe piga msasa, mwanangu, usinichimbue."

Wakati ule tunaujua kutoka vitabuni. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Makumi ya maelfu waliondoka, zaidi ya 27,000 wakiishia Uingereza, na wengi hawakuruhusiwa kubeba ila fedha kidogo na mizigo michache. Miongoni mwao walikuwamo Waismailia, Maithnaashari na Masunni. Uislamu wao haukuwakinga, wala Uislamu wa aliyetoa amri haukumzuia. Maduka na majumba yaligawiwa. Baadaye ikaja Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya mwaka 1982, na katika miaka ya 1990 majengo mengi yalirudishwa kwa wenyewe. Majengo yana hati. Kabati halina hati, na sijawahi kusikia mtu aliyerudishiwa kabati.

Ndipo nikarudi kwenye kitabu changu nikaona aibu. Kila anayeisoma The Hunger Games husimama upande wa Katniss, binti maskini wa wilaya iliyokandamizwa. Sijakutana na msomaji anayejiona miongoni mwa raia wa Capitol, wale wanaotazama watoto wa wengine wakiuana kwenye runinga. Lakini raia wa Capitol, wengi wao, hawamshiki mtu koo. Wanapenda nguo nzuri na sebule ya kupendeza, na hawaulizi vitu vimetoka wapi. Mkenya Katama Mkangi aliandika mwaka 1995 riwaya ya Walenisi, juu ya mtu anayehukumiwa na watawala dhalimu kisha akajikuta kwenye sayari yenye haki. Jina la sayari hiyo ukilitenganisha linasomeka "wale ni sisi". Mkangi alikusudia kutupa matumaini, kwamba wale wema wanaweza kuwa sisi. Mimi nililisoma kwa upande wa pili.

Babu simhukumu haraka. Alikuwa karani wa mshahara mdogo, na chuki dhidi ya Wahindi haikuanza na Amin. Ilikuwa na mizizi katika ukoloni, uliowaweka wao katikati na sisi chini. Huenda kweli alilipa. Hapo fiqhi inatutaka tuulize vizuri. Kilichoporwa ni ghasbu, na hata kikipita mikono kumi hakihalaliki kwa kupita. Aliyeshikwa auze kwa nguvu, mauzo yake hayana ridhaa, na ridhaa ndiyo roho ya biashara. Lakini aliyeuza mwenyewe kwa sababu amebanwa na siku 90, wapo wanazuoni wanaosahihisha mauzo yake huku wakimchukia mnunuzi aliyetumia dhiki ya mwenzake kupata bei ya bure. Sijui babu alikuwa katika fungu gani, na aliyejua amekufa. Kuhusu mali ambayo mwenyewe hapatikani, wengi wanasema itolewe sadaka kwa niaba yake, na akija siku moja apewe hiari: akubali thawabu au alipwe.

Nilitaka kulitoa wiki hiyo hiyo. Baba akanizuia, na alikuwa na haki. Mirathi ya bibi haijagawiwa. Kabati ni la warithi wote, shangazi akiwemo, na mimi mjukuu ambaye baba yake yu hai si mrithi hata kidogo. Nilikuwa nataka kutubia dhuluma kwa mali ya watu wengine. Hata ule msasa, nikifikiri, sikumwomba mtu ruhusa.

Kwa hiyo tumekaa kikao. Baba yuko tayari thamani yake itolewe sadaka. Shangazi anasema tunamvunjia babu heshima kaburini, na anasema hivyo huku analia, kwa hiyo hakuna anayemsukuma. Mzee wa duka ametuma picha kwa jamaa zake Leicester. Alinionya nisitarajie mengi: kumtafuta msichana wa jina lile ni kama kumtafuta Fatuma mmoja Nateete, na kama yu hai sasa ni bibi mwenyewe.

Kabati limerudi sebuleni, linang'aa, wageni wanalisifu. Droo ya chini sijaigusa tena. Shangazi ameniuliza mara mbili nitaimaliza lini.