Kujikwaa Ulimi: Kigugumizi na Suala la Haki ya Kusikilizwa

Makala haya mafupi yanadadisi suala ambalo uhakiki wetu umelipitia kando: sentensi isiyokwisha kutamkwa ni mali ya nani? Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo yaonya dhidi ya neno ovu lisiloweza kurudishwa. Haikutungwa kwa ajili ya mwenye kigugumizi. Hata hivyo jamii haikuchelea kuivusha taswira hiyo hadi kuwa hukumu. Magazeti, hasa ya Tanzania, hayachoki kuandika kuwa serikali “inapata kigugumizi” inapokwepa uamuzi. Sitiari hii yatufundisha kwamba anayekwama ana jambo analolificha. Ukweli ni kinyume chake: mwenye kigugumizi aghalabu analijua barabara neno analolitaka, kinachokatika ni mtiririko wa kulitamka. Asili yake imo katika maumbile ya ubongo na urithi wa ukoo, wala si woga, ijapokuwa woga waweza kukizidisha. Takriban mtu mzima 1 kati ya 100 duniani huishi nacho.

Tuchukue Soweto West, kijiji kimojawapo cha Kibera, Nairobi. Huko mambo mengi huamuliwa kwa mdomo: kodi ya chumba, kibarua cha siku, malalamiko mbele ya mzee wa kijiji au chifu. Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani hukimbizana katika mazungumzo yale yale, na wepesi wa ulimi huhesabiwa kuwa ndio ujanja wa mjini. Kijana anayekwama kwenye silabi ya kwanza ya jina lake mwenyewe (nalo jina ni gumu kuliko maneno mengi, maadamu halina kisawe cha kukimbilia) hudhaniwa amelibuni. Mbele ya askari wa doria usiku, dhana hiyo si mzaha.

Wenye kucheka tuwaache. Kosa lao liko wazi. Anayestahili kuchunguzwa ni msikilizaji mwema, yule anayemmalizia mwenziwe sentensi kwa huruma. Penye foleni ya maji mtu huanza kusema “mitungi mi-”, na jirani hutimiza: miwili. Huenda ilikuwa mitatu, au mitano; kiambishi hakijaamua lolote. Msemaji, kwa uchovu, huitikia kwa kichwa. Kwa maji, hasara ni ndogo. Barazani, kule kuitikia hugeuka ushahidi wake. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chataka mtu mwenye ulemavu asemeshwe na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Juu ya kumngoja hakitaji kitu.

Torati na Kurani zote zamsimulia Musa, mzito wa kusema, aliyepewa nduguye Haruni awe msaidizi. Wengi hukitaja kisa hicho kutetea desturi ya kumsemea mtu. Lakini Haruni hakujitwalia kazi hiyo. Aliteuliwa, na maneno aliyoyapeleka yalikuwa yamekwisha kuwa ya Musa.