Maadamu Tumeshafungua

Fundi akisema "maadamu tumeshafungua", mwenye gari hushika mfuko wake. Gari limepelekwa gereji kubadilishwa mkanda wa taimingi tu. Vifuniko vimetolewa, mikanda ya nje imelegezwa, na fundi anauliza: je, tusibadilishe na pampu ya maji? Na puli ya kukazia mkanda? Na oili sili za mbele? Vyote bado vinafanya kazi. Hakuna kinachovuja wala kupiga kelele. Wengi hulichukua swali hilo kuwa la ufundi au la fedha. Mimi naliona pia kuwa la maadili, kwani linahusu namna tunavyopaswa kukitendea kitu ambacho hakijaharibika, lakini siku moja kitaharibika.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni wao pia waliotufundisha kuwa haba na haba hujaza kibaba. Na kama ndivyo, basi haba na haba hukimaliza pia. Methali peke yake haitatutoa gereji.

Tuanze na haki ya fundi. Katika injini nyingi, pampu ya maji huzungushwa na mkanda uleule wa taimingi. Kuifikia baadaye ni kufungua upya kila kilichofunguliwa leo na kulipa ufundi mara ya pili. Viwanda vya Japani vimezoea kutaja kilomita 100,000 kuwa umri wa mkanda huo kwa magari yao mengi. Kumbe kuiacha pampu ya zamani ni kuiomba ifike 200,000. Ikikwama njiani, mkanda huweza kukatika. Na katika injini ambazo pistoni na valvu hupishana katika nafasi moja, pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Hapo pampu moja imeua injini.

Hata hivyo, kipya si lazima kiwe bora. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za doria za Jeshi la Anga la Uingereza. Waliona kwamba hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa kawaida, kisha zikapungua kadiri ndege zilivyoendelea kuruka. Mikono iliyokuja kutengeneza ilikuwa inavuruga vilivyokwisha kutulia. Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United la Marekani walieleza kuwa, kati ya vipuri walivyovichunguza, ni asilimia 11 tu ambavyo vingefaidika kwa kuwekewa kikomo cha umri. Gari si ndege, na mkanda wa mpira huchakaa kweli; lakini fundisho linabaki. Aidha, katika maduka yetu vipuri bandia ni vingi. Atoaye pampu halisi iliyotumika na kuweka bandia inayong'aa amenunua hatari kwa fedha zake mwenyewe.

Basi tuamueje? Nadhani yafaa kukiuliza kila kipuri maswali matatu. Kwanza, kinakufaje: kwa kutoa dalili, au kwa ghafla? Pili, kikifa kinakufa na nani? Tatu, kukifikia tena kutagharimu nini? Puli ya kukazia mkanda imejificha, ikikwama huangamiza injini, na kuifikia ni kazi ya siku nzima, ibadilishwe. Plagi hufikiwa kwa dakika chache, na ikichoka injini hukosakosa kwanza. Kama umri wake haujatimia, iachwe. Aogopaye kila kitu hujiona mwangalifu, kumbe hajauliza hata swali moja kati ya hayo.

Swali la pili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mara nyingi jibu lake ni mtu. Gari la mtu mmoja likizimika mjini, mwenyewe atasukuma na kulipa. Gari la abiria likizimika ghafla katika kona za mlima wa Kitonga, malori yakilifuata nyuma, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wa injini. Mwenye gari ana ruhusa ya kucheza bahati nasibu na fedha zake. Hana ruhusa ya kuweka shingo za wengine mezani. Asiye na uwezo wa kununua kipuri cha namna hiyo asipakie watu mpaka aupate.

Fundi naye ana wajibu wake. Mwenye gari haoni ndani ya injini. Anaona kwa macho ya fundi. Anayebadilisha bila kuuliza ameiba fedha. Anayeona hatari akanyamaza ili gari lirudi kwake limekufa, ameiba zaidi. Fundi mwaminifu huonyesha kwa kidole, hutaja bei ya kipuri mbali na bei ya ufundi, na humkabidhi mwenye gari vya zamani vilivyotolewa.

Na kile kilichoachwa kiandikwe katika daftari la gari: pampu imeachwa, kilomita kadhaa, kwa sababu hii. Atakayelinunua gari hilo kesho naye ana haki ya kujua.