Mtegemea Kidakuzi cha Mwenziwe

Chukua mfano wa kijana anayeandika mapitio ya kamera mtandaoni. Hana duka wala ghala. Anaeleza uzuri na ubaya wa kila kamera, kisha anaweka kiungo cha kumpeleka msomaji dukani. Msomaji akinunua ndani ya siku 30, kijana hulipwa kamisheni. Ni udalali halali, unaolisha watu wengi. Amazon wamekuwa nao tangu 1996.

Mwezi mmoja anaona jambo lisiloeleweka. Wasomaji wameongezeka, wanaobofya wameongezeka, lakini kamisheni imeshuka. Anawaandikia wenye duka kwa hasira, nao wanamjibu kwamba mauzo anayoyadai hayamo kwenye kumbukumbu zao. Hawajasema uongo. Tatizo ni mahali ushahidi wake ulipokuwa umewekwa.

Mtu anapobofya kiungo cha namna hii, kivinjari chake hupokea kidakuzi, yaani maandishi mafupi yenye namba ya dalali aliyemleta. Siku ya kununua, duka huisoma namba hiyo na kujua nani wa kulipwa. Vidakuzi vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, ili tovuti iweze kumkumbuka mgeni wake. Kumbukumbu hiyo hukaa ndani ya simu ya mgeni, na mwenye simu ana haki ya kuifuta saa yoyote.

Mfuate msomaji mmoja. Jumapili usiku anasoma mapitio, anabofya kiungo, anaitazama bei, anaamua kusubiri mshahara. Jumatano simu inamlalamikia kwamba nafasi imejaa. Anaingia kwenye mipangilio, anafuta historia ya kivinjari, na vidakuzi vinaondoka pamoja nayo. Ijumaa mshahara unaingia. Anaandika jina la duka mwenyewe na kununua kamera ile ile. Duka limeuza, mnunuzi ameridhika, na aliyemshawishi hapati hata senti moja.

Hata asiyefuta anaweza kuipoteza alama hiyo. Aliyebofya kwenye simu akanunulia kwenye kompyuta huonekana mtu mwingine kabisa. Aliyefungua dirisha la faragha, vidakuzi vyake hufutika anapolifunga. Vivinjari navyo vimeingia kazini: Safari ya Apple ilianza kuvibana vidakuzi vya ufuatiliaji mwaka 2017, na Machi 2020 ikavizuia vyote vinavyowekwa na tovuti tofauti na ile mtu anayoitembelea. Firefox ilianza kuwazuia wafuatiliaji wanaojulikana kwa watumiaji wake wote mwaka 2019.

Kijana asiwachukie wasomaji wake kwa hili. Vidakuzi vilivyomlipa yeye ndivyo vilivyotumiwa na makampuni ya matangazo kuwafuata watu kutoka tovuti hadi tovuti. Anayevifuta analinda faragha yake, na hana deni kwa dalali yeyote.

Asikubali pia ushauri wa njia ya mkato. Shawn Hogan na Brian Dunning, Wamarekani waliokuwa wakipata kamisheni kutoka eBay, walipandikiza vidakuzi kwenye vivinjari vya watu ambao hawakubofya kiungo chochote. Mmoja wa watu hao akienda baadaye kununua eBay kwa hiari yake, wao ndio waliolipwa. Walikiri makosa ya ulaghai, na mwaka 2014 mahakama ya shirikisho huko California ikamfunga Hogan miezi 5 na Dunning miezi 15.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anayejenga riziki yake juu ya kidakuzi kilicho katika simu ya mwenziwe amejiweka katika hali hiyo hiyo.

Basi wewe unayeishi kwa kamisheni, soma masharti kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Jua alama yako inadumu muda gani, kwa sababu Amazon huhesabu saa 24 tu, isipokuwa bidhaa iwe imewekwa kikapuni ndani ya saa hizo. Omba namba ya punguzo yenye jina lako, ambayo mteja huiandika anapolipa. Hiyo haifutiki na historia ya kivinjari. Chagua wauzaji ambao seva zao huripoti mauzo moja kwa moja kwa seva ya mtandao wa kamisheni, yaani kampuni inayosimama kati ya duka na dalali, bila kusubiri kivinjari cha mteja. Kusanya anwani za barua pepe za wasomaji walioridhia, uwakumbushe bidhaa siku za mshahara. Usimtegemee muuzaji mmoja. Na mweleze msomaji waziwazi kwamba akipitia kwako utalipwa, maana anayejua hivyo na kukuamini atarudi kwenye kiungo chako kwa hiari yake, hata kama amefuta kila kitu.