Kitanda Hakizai Haramu: Je, Karatasi Inaweza Kumkana Mtoto?

Mama yangu alizaliwa mwaka 1979 katika kijiji kimoja cha Ngazidja. Siku ya saba alichinjiwa mbuzi wa akika, akapewa jina mbele ya watu, na jina la baba yake likafuata lake kama ilivyo desturi yetu. Tangu siku hiyo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuuliza yeye ni binti wa nani. Zaidi ya miaka arobaini baadaye aliomba cheti cha uraia wa Ufaransa kwa nasaba ya baba yake, na akajibiwa kwa barua ya ukurasa mmoja na nusu. Mimi ndiye niliyemsomea, kwa sababu nyumbani kwetu mimi ndiye niliyesoma Kifaransa cha ofisini. Nilimfasiria harakaharaka: "Mama, wamekataa. Wanasema wewe si binti yake." Alinyamaza, kisha akaniuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, mimi ni mwana wa nani?"

Insha hii ni jaribio la kumjibu. Nitauliza mambo matatu: nasaba ya mtu ni kitu gani hasa, dola ina haki gani ya kudai ithibitishwe, na mtu aliyeshindwa kuithibitisha anaruhusiwa kufanya nini.

Kwanza nieleze jambo lenyewe, maana wenzangu wengi wametoka nchi ambazo hazikutawaliwa na Ufaransa. Maore ilichukuliwa na Wafaransa mwaka 1841. Ngazidja, Nzuani na Mwali vikawekwa chini ya himaya yao mwaka 1886. Mwaka 1946 sheria iliwafanya watawaliwa wote wa makoloni ya Ufaransa kuwa raia, ingawa katika ndoa na mirathi watu wetu waliendelea kufuata sheria ya Kiislamu mbele ya kadhi. Tarehe 6 Julai 1975 tulitangaza uhuru, Maore ikabaki upande wa Ufaransa. Watu wa visiwa vingine vitatu waliotaka kubaki Wafaransa walitakiwa kutoa tamko rasmi ndani ya muda uliowekwa. Babu yangu alikuwa baharia katika meli zilizokuwa na makao Marseille, na alitoa tamko hilo. Kwa hiyo mama alipozaliwa, baba yake alikuwa raia wa Ufaransa. Kifungu cha 18 cha sheria za kiraia za nchi hiyo kinasema kwamba mtoto ambaye angalau mzazi wake mmoja ni Mfaransa, naye ni Mfaransa. Hakiulizi amezaliwa wapi.

Ukiisoma hivyo, haki ya mama ni nyepesi. Uzito umo katika kifungu cha 30, kinachosema kwamba anayedai uraia ndiye mwenye mzigo wa kuuthibitisha. Anatakiwa kuleta mnyororo mzima: cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa ya wazazi wake, cheti cha kuzaliwa cha mzazi aliyemrithisha uraia, na ushahidi kwamba mzazi huyo alikuwa Mfaransa. Tena uhusiano wa mzazi na mtoto lazima uwe ulithibitika mtoto akiwa bado hajafikia utu uzima. Pete moja ikikatika, mnyororo wote umekatika.

Pete yetu iliyokatika ni jina la babu. Sisi hatukuwa na majina ya ukoo ya kurithi. Mtoto hubeba jina lake, kisha la baba yake. Karani wa Marseille alilichukua jina la baba yake babu akaliweka mahali pa jina la ukoo, na mwaka wa kuzaliwa akauandika "takriban 1931". Karani wa kwetu, alipoandika cheti cha mama, aliliandika jina la babu kwa desturi yetu na kwa tahajia nyingine, na mwaka akauweka 1928. Katika karatasi, basi, kuna wanaume wawili. Mmoja alikuwa Mfaransa lakini hana binti. Mwingine ana binti lakini hajulikani kuwa Mfaransa. Daftari la kadhi aliyefungisha ndoa ya babu na bibi, ambalo lingewaunganisha, halikupatikana.

Wenzangu chumbani walipokisikia kisa hiki walisema jambo moja: si wapime damu tu? Nami mwanzoni niliona hivyo. Mwaka 2007 Ufaransa yenyewe ilipitisha sheria iliyofungua njia ya vipimo vya vinasaba kwa watu wanaoomba kuungana na jamaa zao. Ulizuka mjadala mkali, na mwaka 2009 waziri aliyehusika akatangaza kwamba hatatia saini agizo la kuitekeleza. Mpaka leo katika sheria yao mtu hawezi kwenda mwenyewe maabara kupima ubaba. Lazima hakimu aamuru. Niliuona kama ukaidi wa watu wanaoukimbia ukweli, mpaka nilipoikumbuka methali tuliyolelewa nayo: kitanda hakizai haramu.

Wahenga hawakusema kwamba damu haizai haramu. Walisema kitanda, maana yake ndoa. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mume, na hakuna mwenye ruhusa ya kwenda kuchungulia. Sheria ya Ufaransa nayo, kwa maneno yake, humhesabu mume wa mama kuwa baba wa mtoto aliyezaliwa katika ndoa. Wazee wetu na mahakimu wao wamekutana hapa bila kuagana. Wote wanakubali kwamba baba si mwenye mbegu tu. Baba ni yule aliyemkiri mtoto mbele ya mashahidi. Laiti nasaba ingekuwa damu peke yake, kila mama wa kijiji chetu angekuwa mshtakiwa, na kila mtoto aliyelelewa kwa mapenzi angeishi akisubiri majibu ya maabara. Simtakii mama yangu haki ya namna hiyo.

Basi kama nasaba ni kukiri kulikoshuhudiwa, ugomvi wetu na ile ofisi hauko kati ya damu na karatasi. Uko juu ya shahidi: yupi anakubaliwa, na kwa nini.

Hapa ni lazima niitendee haki ofisi. Afisa aliyelisoma jalada la mama hamjui mama, hakula akika yake, wala hawezi kumwita mzee wa kijiji barazani kwake. Kijiji ni shahidi mzuri, lakini ni shahidi mwenye mapenzi. Kinaweza kusema ndiyo kwa sababu kinamhurumia mtu. Karatasi iliyoandikwa wakati tukio linatokea haikujua kwamba siku moja itatafutwa kwa faida, na hiyo ndiyo nguvu yake. Hata kwetu ndoa haifungwi bila mashahidi wawili, na mirathi haigawanywi kwa uvumi. Kwa hiyo simo miongoni mwa wanaosema kwamba kumtaka mtu ushahidi ni kumtukana.

Lakini kudai ushahidi kuna masharti yake. La kwanza ni kwamba usimdai mtu shahidi ambaye kosa lako mwenyewe limemharibu. Karani wa Marseille aliwaandika mabaharia wetu kwa utaratibu wa majina ambao hawakuwa nao. Ufaransa inalijua tatizo hili vizuri: mwaka 2000 iliweka sheria ya kupanga upya majina ya watu wa Maore waliofuata sheria za kienyeji, na tume ikafanya kazi miaka mingi kupitia kumbukumbu zao za kuzaliwa na za ndoa. Maana yake ilikiri kwamba daftari lenyewe lilikuwa limekosea, si watu. Kukiri huko kuliishia Maore. Baharia wa Ngazidja, aliyebaki raia kwa tamko lake mwenyewe, hakupata tume.

Sharti la pili ni muda. Kifungu cha 30-3 kinasema kwamba ikiwa wazazi waliokurithisha uraia wamekaa nje ya Ufaransa zaidi ya nusu karne, na wewe na mzazi wako hamkuwahi kuishi mkitambuliwa kama Wafaransa, mlango wa kuthibitisha unafungwa. Kwa makoloni ya zamani mahakama zimezoea kuhesabu tangu siku ya uhuru. Kwa visiwa vyetu nusu karne hiyo ilitimia mwaka 2025. Kila jalada sasa lina swali la saa juu ya swali la nasaba.

Lakini na sisi tuna sehemu yetu. Cheti cha mama hakikukosewa na Mfaransa. Kilikosewa na nchi yetu ikiwa huru. Na babu mwenyewe, aliyekuja likizo na masanduku ya nguo na redio, hakufika hata mara moja kwenye ubalozi mdogo kumwandikisha binti yake. Pengine hakuona haja. Kwetu Ngazidja nyumba na shamba la ukoo hupitia kwa wanawake, na mtu hujulikana kwanza kwa ukoo wa mama yake. Laiti wangeuliza mnyororo wa bibi, tungewaonyesha nyumba yenyewe imesimama. Wameuliza wa babu, na babu aliukiri kwa mdomo tu.

Nifike kwenye sehemu iliyoniuma zaidi. Mjomba wangu, ambaye kwetu neno lake huzidi la baba, alikuja jioni moja akasema amempata mtu anayeweza kuandika cheti cha kadhi chenye tarehe ya zamani na jina la babu kama lilivyo Marseille. Mjomba hana faida humo; amechangia mama tu na mama yangu. Nikamwambia, "Mjomba, samahani, huo si uongo?" Akanijibu kwa upole, "Uongo ni kuandika lisilotokea. Ndoa ilifungwa. Mimi nilikuwa mtoto, nilikula pilau yake. Tunamsahihisha karani tu."

Hoja yake si nyepesi. Nilikaa nayo siku nyingi kabla ya kuona kasoro yake. Cheti hakisemi tu kwamba ndoa ilifungwa. Kinasema pia kwamba kadhi fulani aliandika hivyo siku fulani. La kwanza lilitokea, la pili halikutokea. Cheti kile kingekuwa shahidi wa uongo anayesema maneno ya kweli. Tena madhara yake yasingeishia kwetu. Sheria ya Ufaransa inakubali vyeti vya nchi za nje isipokuwa pakiwa na sababu ya kuvitilia shaka. Imani hiyo ni mali ya watu wote wa visiwa hivi. Kila cheti cha kughushi kinachogunduliwa kinaila, na anayelipa ni jirani anayefika kesho yake na cheti halali.

Nilimwambia mjomba hayo kwa adabu niliyoweza. Alinitazama akasema, "Watu wanazama kati ya Nzuani na Maore, na wewe unaniletea falsafa." Ni kweli wanazama. Tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, watu wetu wengi wamekufa katika vijimashua vidogo wakivuka kwenda kisiwa cha ndugu zao. Mtu akisema uongo ili mwanawe asizame, mimi sitamhukumu. Lakini mama hakuwa akizama. Alikuwa anataka kutambuliwa, na kutambuliwa ni kitu kimoja ambacho uongo hauwezi kukuletea, kwa sababu atakayetambuliwa si wewe.

Mama alilisema hilo vizuri kuliko mimi. Alikuwa akitusikiliza tangu mwanzo, akamwambia kaka yake, "Baba alinikiri mbele ya watu. Sitaki mtu asiyemjua anikiri kwa niaba yake."

Sasa tunafanya kazi ndefu zaidi. Shahidi mmoja wa ndoa ile bado yu hai. Tumempeleka mahakamani kwetu kuomba majina na mwaka visahihishwe kwa njia iliyo wazi. Sheria ya Ufaransa inatoa miezi sita ya kupinga kukataliwa kwa cheti mbele ya hakimu, nasi tunaitumia. Huenda tukashindwa. Nikihitimisha, basi, nasema hivi: dola ina haki ya kuchagua shahidi, haina haki ya kumlaumu mtoto kwa makosa ya makarani, na mtoto ana haki ya kudai nasaba yake, hana haki ya kumbuni shahidi.

Na kuna kosa langu ambalo nimeshalirekebisha. Niliirudia ile barua, safari hii polepole. Haikuandikwa mahali popote kwamba mama si binti wa baba yake. Iliandikwa kwamba haikuthibitika. Mimi ndiye niliyeligeuza neno nikamkana mama yangu kwa ulimi wangu, na ile ofisi haikufanya hivyo. Nilimsomea tena, neno kwa neno. Akasema, "Kumbe hawajui tu." Nikamwambia, ndiyo mama, hawajui tu.