Usiwashe Tochi Mapema

Somo: Isaya 50:10-11; Mwanzo 15:1-6

Jumapili tulisoma Isaya 50, na nataka tutembee nayo wiki hii yote. Nabii anazungumza na mtu anayemcha Mungu na kumtii, lakini amejikuta gizani na taa hana. Angalia hapo vizuri. Huyu hajaacha wokovu. Ni mtu wa maombi, na bado giza limemfikia. Kwa hivyo ukiona ndugu amepoteza kazi, au dada amengoja mtoto miaka kumi, usikimbilie kuuliza ametenda dhambi gani.

Mstari wa 11 unataja kundi lingine: wale walioona giza wakajiwashia moto wao wenyewe. Bwana anasema mwisho wao ni uchungu. Basi swali ni hili: ukiwa gizani, utamngoja Mungu au utawasha wako?

Nilipokwenda Afrika Kusini kwa kongamano la watumishi, wenyeji wetu walitupeleka Sutherland, mji mdogo kwenye nyanda kame za Karoo, mwendo wa saa nne hivi kutoka Cape Town. Nje ya mji, juu ya kilima, kuna kituo cha kutazama nyota. Darubini yake kubwa, SALT, ilizinduliwa mwaka 2005. Kioo chake kimeunganishwa kwa vipande 91 vya pembe sita, na upana wake ni kama mita 11. Kwa nini waliiweka mbali hivyo na jiji? Walitaka giza. Tena mwaka 2007 nchi hiyo ikatunga sheria ya kulinda maeneo ya kutazama nyota. Hebu fikiria, serikali inatunga sheria ya kulinda giza!

Usiku, wageni hutazama kwa darubini ndogo zilizotengwa kwa ajili yao. Tulishuka garini baridi ya mwezi wa saba ikitukata, na mwanzoni nikaona nyota chache tu. Mwongozaji akasema, "Zimeni simu. Macho yanahitaji dakika ishirini mpaka thelathini kuzoea giza." Tukangoja. Polepole zikaongezeka, hadi ule ukanda mweupe wa galaksi yetu ukatanda juu yetu kama moshi. Mara mmoja wetu akawasha tochi ya simu atafute glavu yake. Sekunde chache tu! Macho yetu yakapoteza kila kitu, ikabidi tuanze kungoja upya. Nyota hazikuwa zimeenda popote. Ile tochi ndiyo ilituzuia kuziona.

Kisha akatuonyesha Alpha Centauri, karibu na Msalaba wa Kusini. Mwanga wake husafiri zaidi ya miaka minne kabla ya kutufikia. Mimi nilikuwa nalalamikia nusu saa ya baridi, na mwanga wenyewe ulikuwa njiani miaka minne! Mpendwa, jibu lako laweza kuwa lilitoka kwa Mungu kabla hujapiga magoti. Soma Isaya 65:24.

Abrahamu naye alikuwa mzee, hana mtoto. Mungu akamtoa nje usiku, akamwambia ajaribu kuhesabu nyota. Mchana hangeziona. Lakini fungua sura inayofuata, Mwanzo 16. Yeye na Sara wakachoka kungoja, wakatafuta njia yao kupitia Hajiri. Mtoto alipatikana, ndiyo, lakini nyumba ikajaa machozi. Hiyo ndiyo tochi.

Na sisi tochi zetu tunazijua. Mkopo wa simu wa kulipa mkopo mwingine. Kwenda kwa mganga Alhamisi usiku, na Jumapili uko kwenye kwaya. Kutoa hongo upate kazi. Kukubali mume wa mwenyewe kwa sababu umri unaenda. Zinaangaza kidogo, sikatai. Lakini zikishawaka, huoni tena kile Mungu alichokuwa anakuonyesha.

Usinielewe vibaya. Kungoja si kukaa bure. Peleka barua za kazi. Nenda hospitali, meza dawa. Ongea na mwenye nyumba kuhusu kodi. Mwambie mzee wa kanisa ukweli. Kungoja ni kukataa ile njia ambayo ukiipita itabidi umfiche Mungu.

Wiki hii, stima ikipotea mtaani, usikimbilie simu. Toka nje na watoto. Hata ukiona nyota tano tu, mtajie Mungu lile jambo kwa jina lake, kisha unyamaze.

Tuombe: Baba, wako walio gizani na wanakupenda. Wazuie mikono wasiwashe moto utakaowachoma. Wape macho ya kungoja, na utupe sisi moyo wa kukaa nao mpaka waone. Katika jina la Yesu, amina.