Mlio wa Gari Moshi na Haki ya Kuukumbuka

Je, yafaa kuupenda mlio wa chombo kilichopitishiwa njia kwa mateso? Swali hili huwakabili wengi waliolelewa kandokando ya reli ya Mombasa hadi Kisumu, ambao leo, wakiwa ughaibuni, mioyo yao hushtuka wakisikia gari moshi likipumua mvuke.

Historia haiwaachii raha. Kati ya 1896 na 1901 reli hiyo ilijengwa na vibarua takriban 32,000 kutoka Bara Hindi. Wapatao 2,500 walifariki. Wanandi, ambao nchi yao iliingiliwa, walipigana hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905.

Hata hivyo, sauti haina mmiliki mmoja. Injini za Garratt za daraja la 59 ziliundwa Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Lakini maana ya mlio wake ilitoka kwa fundi aliyeujua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza, na kwa mama aliyetambua kwamba mwanawe amewasili. Kuwanyang'anya kumbukumbu hiyo ni kumzidishia mkoloni mali asiyoichuma.

Shauku huharamika inapodai usahaulifu. Asikilizaye kwa masikio mawili, moja la aliyepokewa stesheni na jingine la aliyezikwa kando ya reli, hamdhulumu yeyote. Deni lake ni kuwasimulia wanawe yote mawili.