Mwizi Asiyevunja Mlango

 

Ndugu zetu Waislamu, zamani mtu akitaka kulala usingizi mwema alitia komeo mlangoni, akazima taa, akasoma dua yake, akalala. Mwizi hakuwa na budi kuja kwa miguu yake mwenyewe, naye alichelea askari wa zamu na jirani mwenye kikohozi. Leo mwizi yuko asikojulikana, wala hana haja ya kuvunja mlango. Kwani mara nyingi sisi wenyewe ndio tumfunguliao.

Katika mtaa wetu yuko mama mjane aliyekuwa akiweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya safari ya Hija. Siku moja baada ya alasiri aliletewa habari katika simu yake kwamba ameingiziwa fedha, na mara simu ikalia. Sauti ya kijana, yenye adabu, ikamwamkia: "Shikamoo, mama. Nimekosea nambari, na fedha za matibabu ya mwanangu zimeingia kwako. Nakuomba kwa haki ya Mungu unirudishie." Mama kwa huruma zake akampelekea, bila kutazama kwanza kama kweli kuna kilichoingia, na hakikuwa kimeingia hata senti. Punde akapiga wa pili, akajidai kuwa ni mtu wa ofisini, akamwita kwa jina lake kamili, akamwambia amtajie nambari yake ya siri apate kumtengenezea hesabu. Akamtajia. Kabla ya magharibi akiba ya miaka sita ilikuwa imekwisha.

Hatuyaelezi haya ili mama huyu achekwe. Twayaeleza kwa sababu walioibiwa namna hii miongoni mwetu ni wengi, na wengi wao wamenyamaza kwa haya.

Uovu huu haukuanza jana, na kila siku hubadili nguo. Mwaka 1988 mwanafunzi mmoja huko Marekani alitoa programu ijienezayo yenyewe, ikazilemaza kompyuta kwa maelfu. Hakuwa akitafuta mali. Mwezi wa Mei mwaka 2000 ikatoka Ufilipino barua ya mtandao iliyojifanya ya mapenzi. Kila aliyeifungua alijidhuru na kuwaambukiza marafiki zake. Aliyeitunga hakuhukumiwa, kwani nchi yake wakati ule haikuwa na sheria ya kosa kama hilo. Kisha wezi wakatambua kuwa mna fedha. Usiku wa Ijumaa, mwezi wa Februari mwaka 2016, benki kuu ya Bangladesh ikiwa imefungwa kwa mapumziko, wezi walituma hawala za uongo kwa jina lake mpaka New York, wakitaka karibu dola milioni 1,000. Wakafanikiwa kutoroka na dola milioni 81. Hawala moja ya dola milioni 20 ilizuiliwa kwa sababu neno moja lilikosewa herufi, na benki iliyopitishiwa ikauliza. Tazama, ndugu msomaji, swali moja lilivyookoa mali kubwa kiasi hicho!

Na mwaka 2024 ilijulikana habari ya mfanyakazi wa kampuni moja huko Hong Kong, aliyeitwa katika mkutano wa simu ya picha. Akawaona wakubwa wake kwa nyuso zao, akasikia sauti zao, wakamwamuru apeleke fedha, naye akapeleka kiasi cha dola milioni 25. Nyuso zile na sauti zile zote zilikuwa zimetengenezwa na kompyuta. Basi ikiwa jicho na sikio vyaweza kudanganywa, yatupasa tufanyeje?

Kwanza, tuhakikishe. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametuamrisha tuichunguze habari aletayo fasiki kabla ya kuitenda, tusije tukajuta. Akikupigia mtu kwa sauti ya mwanao na kusema amepatikana na ajali, kata simu, kisha mpigie mwanao kwa nambari uijuayo wewe. Na nambari ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, awe amesema ni wa benki, au wa serikali, au sharifu.

Pili, tuzibe nyufa mapema. Mabaharia wetu hukitia chombo kalafati kingali pwani, kwani kikishafika kilindini hapana nafasi hiyo. Mwezi wa Mei mwaka 2017 ilizuka programu iliyofunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia ili zifunguliwe. Huko Uingereza hospitali ziliathirika, na wagonjwa kwa maelfu wakaahirishiwa miadi yao. Na dawa yake ilikuwa imetolewa mwezi wa Machi, miezi miwili kabla! Waliopuuza ndio waliopatikana. Basi mwenye duka, na mwalimu wa madrasa aliye na kompyuta, wazipe mashine zao marekebisho kila yatokapo, na waweke nakala ya hesabu zao mahali pengine palipotengwa. Mtume wetu alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Na asiyemfunga akampoteza, asiseme ametawakali.

Tatu, tuchunge amana. Yule mwizi alilijuaje jina kamili la mama yetu? Sisi huandika majina na nambari zetu katika daftari za milangoni zisizo na mwenyewe, na orodha za michango ya harusi na matanga huzungushwa mpaka kwa watu wasiotuhusu. Jina la mtu na nambari yake ni amana kama fedha yake. Na fedha za msikiti na za wakfu zisitolewe kwa idhini ya mtu mmoja. Wawepo wawili, kila mmoja na siri yake, na kila kitokacho kiandikwe.

Nne, aliyeibiwa aseme, na aseme upesi. Fedha hizi hupita mikono mitano kwa dakika chache. Hapa Kenya iko sheria ya mwaka 2018 ya makosa haya, lakini sheria haimfai mtu aliyenyamaza. Na hapa hatuna budi kusema neno ambalo baadhi ya wenzetu hawatalipenda. Mama yule hakupelekwa siku ile kwa polisi wala kwa kampuni yenye laini yake. Alishauriwa atoe kile kidogo alichobakiwa nacho asomewe Halbadiri, mwizi apate kudhurika. Zikapita siku tatu; msomaji akachukua chake, na mwizi akaondoka na chake. Mashahidi wa Badri, Mungu awawie radhi, walivaa silaha na wakapanga safu zao. Hawakukaa wakangoja adui aanguke kwa maneno. Ni dini gani hii ya kumwibia mjane mara ya pili?

Mwisho, neno letu ni kwa vijana na wazee wao. Twajua kwamba wako katika watoto wetu wafanyao kazi hii, na husikika wakisema mali ya benki, au ya Mzungu wa mbali, haina dhambi. Mtume alipohama Makka, hali Makureshi wanataka kumwua, alimwacha Sayyidna Ali nyuma awarudishie amana zao. Basi kama mali ya adui mwenye upanga mkononi ilirudishwa, ya mjane wa mtaani itahalalikaje? Nawe mzazi, mwanao asiye na kazi akikuletea gunia la mchele na kanga mpya, muulize vimetoka wapi kabla ya kumwombea baraka.

Mama yetu bado yuko, na ameanza tena kuweka. Aliye na uwezo amsaidie, na aliye karibu naye amfundishe.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie mali zetu na dini yetu, utuepushe na haramu sisi na watoto wetu. Amin.